Joto Juu, Presha Chini

Kwetu Kianjokoma neno presha lilikuwa na kazi tatu, na zote tatu zilikutana jikoni kwa mama. Ya kwanza ilikuwa ugonjwa wake. Mama alikuwa na presha, ile ya damu, na kila mtu pale sokoni alijua, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kubishana naye. "Muache, presha itampanda," watu waliambiana, na mama, ambaye si mjinga, aliitumia presha hiyo kushinda ugomvi wowote uliokuja mlangoni. Ya pili ilikuwa sufuria. Ya tatu ilikuwa ya mwalimu wetu wa jiografia, na hii ya tatu ndiyo iliyoniunguza, ingawa watu wote wa kwetu wameshikilia kwamba ni ya pili.

Mama alikuwa na hoteli ya mabati karibu na kituo ambapo wakulima walipeleka majani chai. Nikisema hoteli namaanisha meza, mabenchi, na jiko la mawe nyuma lenye moshi wa kutoa mtu machozi. Wachumaji walikuja mchana wakiwa wamelowa umande mpaka magotini, na walitaka kitu kimoja tu, githeri ya mahindi na maharagwe, au njahi, yale maharagwe meusi, iive, iwe moto, iwe nyingi. Shida ni kwamba kwetu ni juu, karibu na msitu, na maharagwe ya juu ni makaidi. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba huku mlimani hewa inatulalia kwa uzito mdogo, kwa hiyo maji huanza kutokota kabla hayajapata moto wa kutosha. Wakati ule tulijua tu kwamba njahi ukiziweka asubuhi ukiwa na haraka, zitakuonyesha dharau mpaka mchana.

Ndiyo maana tata, yaani mdogo wake mama, aliyefanya kazi ya nyumba Nairobi, alipomletea sufuria ya presha, mama aliipokea kama mgeni wa heshima. Ilikuwa ya alumini, nzito, yenye kifuniko cha kuzungusha, mpira wa kuziba ukingoni, na kizito kidogo cha chuma juu kilichopiga mluzi ikishapata moto. Njahi zilikuwa zikiiva kabla hatujamaliza kuosha vikombe. Tata alinifundisha mimi kuitumia kwa sababu mama aliiogopa. "Ikiiva, itoe motoni," aliniambia. "Mwagia kifuniko maji baridi. Ngoja inyamaze kabisa, hata ukitikisa kile kizito kisitoe pumzi. Hapo ndipo ufungue, mami. Sio kabla ya hapo." Hakuniambia kwa nini, nami sikumuuliza. Tata alikuwa ameacha shule darasa la nne, na mimi nilikuwa kidato cha pili, nikiongoza darasa, na nilidhani kwamba sababu za mambo zinapatikana shuleni.

Sasa huyu mwalimu. Alipendwa, na sitajifanya kwamba hakupendwa. Wazazi walimpenda kwa sababu wanafunzi wake walipita mtihani, kanisani alikaa kiti cha mbele, na darasani alikuwa na sauti ya mhubiri. Jiografia ilikuwa kwa Kiingereza, lakini alisema Kiingereza chetu kinaingia kwa sikio hili na kutokea kwa lile, kwa hiyo kila sheria alitugeuzia kwa Kiswahili, akaifupisha, akaipa mdundo, na akaiongezea mikono. Tulipofika kwenye upepo na mvua, alisimama mbele ya ubao, akainua mkono wa kulia mpaka koti likapanda, akaunguruma, "Joto juu!" Kisha akashusha mkono wa kushoto kwa nguvu, "Presha chini!" Nasi tukafanya vile vile, darasa zima, mkono juu, mkono chini, siku baada ya siku, na aliyechelewa au aliyechanganya mikono alionja kiboko. Hata wewe ukiwa umesinzia, ukisikia nusu ya kwanza, mdomo ulimalizia wenyewe.

Lakini mimi nilikuwa na mpira wa netiboli. Mimi ndiye niliyekuwa nikiutunza, na nilikuwa nimeona kitu. Asubuhi, ule ukungu ukiwa bado umelala uwanjani, mpira ulikuwa laini kama ndizi iliyoiva sana, ukiudundisha unakufia mkononi. Jua likitoka, ukiachwa kwenye nyasi mpaka mchana, ulikuwa mgumu na kuruka mpaka kichwani, na hakuna mtu aliyeuongeza upepo hata kidogo. Jambo hilo lilinisumbua. Siku moja nikainua mkono.

"Mwalimu," nikasema, "mbona mpira wetu ukipata jua unakuwa mgumu? Na mama ana sufuria ya presha. Ikipata moto si presha ndiyo inapanda?"

Darasa lilicheka hata kabla yake. Yeye alitabasamu kwanza, akaweka chaki mezani, akapangusa mikono. Alikuwa akifurahia jambo, na hilo ndilo ambalo sijawahi kumsamehe, kwamba alifurahia.

"Kumbe hapa tuna mpishi," akasema. "Nyinyi, mnasikia? Mwenzenu amekuja kutufundisha na sufuria." Kicheko tena. "Wewe msichana, hii ni jiografia. Sheria ya sayansi haibadiliki ati kwa sababu umeingia jikoni. Sheria ni sheria. Joto juu?"

"Presha chini!" wakapiga kelele wote.

"Hata jikoni?"

"Hata jikoni!"

Nikaketi. Msichana niliyekaa naye dawati moja, rafiki yangu wa tangu shule ya msingi, alinifinya paja akaninong'oneza, "Umejiaibisha bure." Alikuwa akicheka hata yeye, kamasi zikimtoka. Na mimi, kwa sababu nilikuwa mwanafunzi mzuri, sikuendelea kubisha. Niliamua kwamba macho yangu ndiyo yamekosea.

Ilikuwa msimu ule wa baridi, wa mvua nyepesi isiyokatika, siku ya soko. Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo fupi, na hoteli ilijaa. Mama alikuwa ameketi nje kwenye gunia, kichwa kikimzunguka, presha ile yake ya kwanza, akiniita kutoka pale, "Leta njahi! Watu wamekaa sana!" Niliitoa sufuria motoni. Mluzi ulikuwa umeshuka, imebaki pumzi ndogo ya mvuke. Nilishika jagi la maji baridi mkononi.

Nataka hapa nieleweke vizuri, kwa sababu nimeyasikia mengine maisha yangu yote. Sikuwa na haraka. Sikuwa nikiota mchana. Sikuwa mzembe. Nilisimama pale na jagi mkononi nikafikiri, pengine kuliko nilivyokuwa nimewahi kufikiri. Tata alisema nimwagie maji baridi. Lakini joto likipanda presha inashuka, kwa hiyo sufuria ikiwa moto presha yake iko chini. Nikiipoza, joto litashuka, na presha itapanda, na hapo ndipo itakuwa hatari. Tata amekosea. Tata aliacha darasa la nne na amefundishwa na mwajiri wake. Mwalimu ana cheti, na nilimuuliza, na alinijibu, hata jikoni. Basi nikaliweka lile jagi chini, polepole, nikijivunia akili yangu.

Kifuniko kilikataa kuzunguka. Hata hilo lingetosha kunionya, lakini nilikuwa nimeshashawishika, nikadhani mpira umenata. Nikaushika mkono wa sufuria, nikasukuma kifuniko kwa kiganja cha kulia, nguvu zote. Kilichofuata sikukisikia. Watu waliokuwa ndani ya hoteli wanasema mabati yaligongwa kama na jiwe, na njahi zilibaki zimenata darini kwa muda mrefu sana, hakuna aliyetaka kupanda kuzibandua. Mimi nakumbuka mama tu, amesimama mlangoni bila viatu, na nikashangaa ameinukaje haraka hivyo na presha yake.

Niliungua upande wa kulia, shingo, kifua, kwapa, na mkono mpaka kwenye kiwiko. Hospitalini Embu walinitibu kwa bidii, siwalaumu. Lakini ngozi ya kwapani ilipopona ilijikunja, ikaufunga mkono ubavuni. Tangu hapo mkono wangu wa kulia unaishia usawa wa bega, na hauendi zaidi ya hapo.

Niliwaambia wote. Nikiwa bado nimelala pale kitandani niliwaambia baba na mama kwamba nilimuuliza mwalimu, na mwalimu alisema hata jikoni. Baba alikuwa mtu wa majani chai na kanisa, mwenye maneno machache, na alimheshimu mwalimu kuliko alivyomheshimu chifu. Hata hivyo alienda shuleni kuuliza, hilo namsifu. Alirudi na kofia mkononi.

"Mwalimu anasema hukumuuliza kitu chochote kuhusu sufuria," akasema. "Anasema hata hafundishi mambo ya sufuria."

"Baba, darasa zima lilisikia."

Basi baba akamleta rafiki yangu wa dawati mpaka hapo kitandani, akiwa na sare yake. Yeye ndiye aliyekuwa amekuja peke yake juma lililotangulia kunisimulia kwamba mwalimu amewaambia wanafunzi, "Mwenzenu amejichoma kwa kutosikiza, mimi sikumfundisha kupika," na kwamba walicheka. Sasa baba alimuuliza mbele yangu, je, nilimuuliza mwalimu au sikumuuliza? Alitazama sakafu. Alitazama viatu vyake. Niliona anavyoogopa, na sikumhurumia hata chembe, na sasa pia simhurumii sana.

"Mimi sikumbuki," akasema.

Baba akavaa kofia. "Basi," akasema, "shule imekushinda. Na sasa umeongeza uongo." Ndivyo nilivyotoka shuleni, mimi niliyekuwa nikiongoza darasa. Nilitolewa kwa kusema ukweli, na mwongo akabaki na chaki yake.

Nilipelekwa Kiritiri kwa nyanya, mzaa mama, nikachunge mbuzi, kwa kuwa kuchunga hakuhitaji mkono unaofika juu. Huko chini ni nchi nyingine kabisa. Jua la mchana linapiga udongo mwekundu mpaka hewa inatetemeka, na mbuzi wanajibana kwenye kivuli cha migunga. Nilikuwa nikikaa hapo nikichemka rohoni, nikitazama ule upepo wa vumbi unaozunguka na kusimama wima kama mtu, ukitembea uwanjani na kubeba majani na karatasi. Na nikaona, bila kupenda, kwamba mwalimu alikuwa amesema kweli. Ardhi ilipata moto, hewa iliyoigusa ikapata moto, ikatanuka, ikawa nyepesi, ikapanda. Pale chini ikabaki nafasi iliyopungukiwa na uzito, na hewa ya pembeni, iliyo baridi kidogo, ikaja mbio kujaza. Joto juu, presha chini. Ilikuwa inatendeka mbele ya macho yangu, na mbuzi wakishuhudia.

Hapo ndipo nilipokasirika kwelikweli. Kama sheria ile ingekuwa uongo mtupu, ningeitupa na kumtupa yeye pamoja nayo, nikalala. Lakini ilikuwa kweli Kiritiri na uongo jikoni, na sikuwa na mtu wa kumuuliza. Nyanya alisema vumbi lile si la kutazamwa na msichana ambaye hajaolewa.

Tata ndiye aliyenitoa huko. Alikuja kutoka Nairobi, akanitazama, akamtazama mama yake, akasema, "Huyu hawezi kumaliza maisha yake akihesabu mikia." Alinitafutia nafasi katika shule moja upande wa Meru, akagombana na baba, na kwa mara ya kwanza presha ya mama ikawa upande wangu, kwa maana mama alisema nikikataliwa itampanda afe. Nikarudi kidato cha pili na watoto wadogo kuliko mimi. Na huko nikakutana na mwalimu wa fizikia, mwanamke mkali, asiyecheka ovyo. Nilimuuliza swali lile lile. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko.

Hakucheka. Alichukua pampu ya baiskeli, akaziba tundu kwa kidole, akaniambia nisukume. "Inaenda wapi, hiyo hewa?" Nikasema haina pa kwenda. "Sasa ukiipasha moto?" Nikasema itakazana zaidi. Akatoa kidole, hewa ikatoka fyuu. "Na sasa?" Nikaitazama pampu. Akasema, "Kabla ya kuniambia juu au chini, niambie kwanza hewa yako imefungwa au iko wazi. Iliyo wazi ikipata moto hutanuka, inajiondokea, pale ilipokuwa panabaki wepesi. Iliyofungwa inataka kutanuka na haipati nafasi, basi inasukuma kuta. Ipoze, inatulia. Ni hewa ile ile."

Maji baridi juu ya kifuniko. Mpira laini wa asubuhi. Kumbe tata alikuwa sahihi, na upepo wa Kiritiri sahihi, na macho yangu sahihi, na kilichokosekana ni maneno matatu tu, hewa iliyo wazi. Yule mwalimu wa jiografia aliyaacha kwa sababu yangeharibu mdundo wa wimbo wake. Nilitoka nje ya maabara nikapiga ukuta kwa mkono wa kushoto mpaka nikachubuka, kwa kuwa wa kulia haukuweza.

Miaka imepita mingi. Nina maisha yangu Mitunguu, nina migomba, nina mfereji wa maji unaopita shambani, na sina sufuria ya presha nyumbani kwangu wala sitaki zawadi ya namna hiyo. Baba tulimzika akiwa bado anaamini kwamba nilijiunguza kwa uzembe na kumsingizia mtu mwema. Mama yuko, amezeeka, anameza dawa zake, na kila anapoona mkono wangu husema kwa upole, "Ulikuwa na haraka sana siku ile, mwanangu." Kwa upole! Ningependa angenitukana.

Ndipo wakaandaa sherehe ya kumuaga mwalimu yule wa jiografia, anastaafu, mahema kwenye uwanja uleule wa netiboli. Sikutaka kwenda. Mama ndiye aliyetaka, alisema ni aibu kukosa, aliwafundisha nyote. Nikampeleka. Tuliketi katikati, na mbele yetu kulikuwa na mwanamke mnene mwenye kitambaa kizuri cha kichwani, na alipogeuka nilimtambua, yule wa dawati langu. Tukasalimiana kwa kichwa.

Hotuba zilikuwa ndefu na tamu. Kisha mwalimu akasimama, mvi tupu, sauti ileile, akashika maikrofoni akatabasamu. "Nataka nione kama hamjasahau," akasema. Akainua mkono wa kulia mpaka koti likapanda. "Joto juu!"

Uwanja mzima ukainua mikono, wanaume wenye vitambi, wauguzi, madiwani, mapadri. "Presha chini!" wakanguruma, wakicheka, na aibu yangu ni kwamba mdomo wangu ulimalizia nao. Mdomo tu.

Yeye aliona. Jicho la mwalimu halistaafu. "Wewe mama wa pale, wa sweta ya kijani," akasema kwa utani, "wewe bado unachelewa? Mkono juu!"

Nikasimama. "Mkono huu haupandi, mwalimu," nikasema. "Nilikuuliza kuhusu sufuria, ukaniambia hata jikoni."

Alicheka kidogo, akatazama waliomzunguka kama anayetafuta msaada. "Sufuria gani tena, mama?"

"Ile iliyofungwa," nikasema.

Mshereheshaji alianza kusema kwamba chakula kiko tayari, akaacha. Mbele yangu mkono wa yule mwanamke ulikuwa bado juu, ulikuwa umesahaulika huko. Akaushusha. Hakugeuka kunitazama, lakini alisema kwa sauti iliyofika mpaka meza kuu, "Alimuuliza. Mimi nilikuwepo. Tulicheka."

Mama alinishika sketi akanivuta niketi. Nikadhani presha imempanda, nikatafuta dawa mkobani. Hakutaka dawa. Alinitazama kana kwamba nimeingia tu hemani.

"Kumbe ulimuuliza," akasema.

"Nilimuuliza, mama. Nilikuambia," nikajibu, na sauti yangu ikatoka kali kuliko nilivyotaka, na sikuishusha.